Bomba kuukuu la mafuta lituletee maji ya Ruai

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, na kama barua itakuwa refu kateni mnapotaka lakini ile sehemu ya Athi River na Nolturesh msiiguse, hiyo ndiyo barua yenyewe.

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Emali. Juzi nilikuwa kwa mama mmoja mzee huko ndani, nafunga gata na kuziba tangi ambalo lilikuwa limepasuka chini, na shamba lake limekatwa katikati na njia ya bomba la mafuta, ile sehemu yenye vibao vya kuonya ambapo huruhusiwi kupanda mti wala kujenga wala kuchimba. Basi akaniletea chai akakaa kwa kigogo akaniuliza, "Fundi, mwanangu, hii bomba ya zamani si walisema imezeeka wakaweka ingine? Sasa hii ya zamani iko na nini ndani?" Nikamwambia mama, nadhani haina kitu. Akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Miaka yote hiyo imepita kwa shamba langu na haijawahi kuniletea hata kikombe cha kitu, na sasa imelala tu bure." Nikacheka lakini nilipofika nyumbani sikuweza kulala vizuri, nikiwaza, si hili bomba lingetumika kubeba maji taka ya Nairobi yakishasafishwa?

Kwa wale hawajui, bomba la kwanza la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka wa 1978, ni la chuma, upana wake inchi 14, urefu kilomita 450 hivi. Lilichoka. Mwaka wa 2018 likaja bomba jipya la inchi 20 ambalo limefuata karibu njia ileile, na lile la zamani likapumzishwa. Hizo kilomita zote za chuma, na ardhi yake ishakatwa, ishalipiwa, ishapita chini ya barabara na reli na mito, na sisi tuliokaa juu yake kuanzia Konza, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei bado tunasukuma mikokoteni ya punda. Mtungi wa lita 20 hapa ni shilingi 20 siku nzuri, kiangazi kikikaza utaambiwa 50 na utalipa.

Sasa Nairobi. Kule Ruai kuna mabwawa ya kusafisha maji taka, ile mitambo inaitwa Dandora, ilijengwa ipokee mita za ujazo 160,000 kwa siku. Maji yanaingia yakiwa vile unavyojua yalivyo, yanapita bwawa moja hadi lingine, jua na vijidudu vinafanya kazi, alafu yanaachiliwa mtoni. Na huo mto unaungana na Athi. Na Athi unapita wapi? Unapita Machakos, unapita Makueni, unashuka hadi kuwa Galana na Sabaki na kuingia baharini karibu na Malindi. Na si maji ya Ruai peke yake, kuna ile taka ingine ya jiji ambayo haipitii mabwawa yoyote, inatoka kwa mitaa na viwanda moja kwa moja hadi mtoni. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema ati "mnataka kutuletea maji ya choo ya Nairobi", mwambie polepole kwamba tulishaletewa zamani. Ng'ombe wetu wanayanywa, watoto wanaoga nayo, nyanya zinanyunyiziwa. Hata lile bwawa la Thwake, huku Makueni mpakani na Kitui, ambalo limepangwa lishike mita za ujazo milioni 688, swali ambalo limelisumbua tangu mwanzo ni hilohilo, kwamba uchafu wa Nairobi utaishia humo ndani. Kwa hivyo tusijidanganye ati tunachagua kati ya maji safi ya mlimani na maji taka. Maji taka yanakuja tu, tuyaite tusiyaite. Swali ni kama yatakuja kwa mto yakiwa machafu ama yatakuja kwa bomba yakiwa yamesafishwa na kupimwa.

Najua mtu atasema huyu fundi ameota. Wacha tuongee ufundi basi, manake hapo ndipo nakula.

Bomba lililobeba petroli na dizeli na mafuta ya ndege miaka 40 huwezi kulifungulia maji kesho asubuhi. Ndani kuna utando wa mafuta umeshika kwa chuma, kuna kutu, kuna mashapo. Petroli iko na benzini ndani yake, hiyo kitu inaleta saratani, si ya kuchezea. Kuna kifaa wenyewe wanaita pigi, ni kama kizibo kikubwa cha mpira chenye brashi, kinasukumwa kwa presha ndani ya bomba kutoka stesheni moja hadi ingine kikikwangua, unarudia na sabuni ya viwandani mpaka kinachotoka ni safi. Alafu kuna pigi ingine iko na mitambo ya kupima unene wa chuma, inakuonyesha wapi pamekula kutu. Baada ya hapo unavalisha, yaani unavuta bomba la plastiki nzito ndani ya lile la chuma kama mguu unaingia kwa soksi, unachimba tu mashimo kila baada ya mita mia kadhaa badala ya kuchimbua mtaro wote. Chuma kinabaki kuwa ganda, plastiki ndiyo inashika maji. Lakini hata hapo, na hii ni kitu mafundi wengi hawajui, plastiki haizuii mvuke wa petroli, unapenya polepole ukafika kwa maji. Kwa hivyo yule atakayewaambia "tutaweka plastiki tu, kusafisha hakuna haja" mfukuzeni kwa baraza.

Na tuseme ukweli kuhusu hili bomba. Mwezi wa tano 2015 ndilo lilitoboka kule Thange, Kibwezi, mafuta yakaingia kwa mto na visima, watu wakapoteza mashamba na afya, kesi ikaenda kortini miaka na miaka. Mtu wa Thange ukimwambia unataka kupitisha maji kwa bomba hilo atakuangalia kama mwendawazimu na ana haki. Na Nairobi hatujasahau mtaa wa mabanda wa Sinai, Septemba 12, 2011, zaidi ya watu 100 walichomeka mafuta yalipomwagika kwa mtaro. Hiyo ndiyo sababu nasema tusianze na kilomita 450. Kibwezi na Thange waachwe kando kabisa mpaka wao wenyewe waseme wanataka. Tuanze kipande cha juu, kutoka Embakasi hadi Emali, kilomita kama 120 hivi, tuone.

Hesabu alinipigia kijana wangu ambaye yuko chuo, kwa simu, mimi naandika nyuma ya risiti ya hardwea. Bomba la inchi 14 likivalishwa plastiki linabaki na nafasi ya kama sentimita 27 hivi ndani. Maji yakienda polepole, mwendo wa mita moja kwa sekunde, unapata karibu mita za ujazo 5,000 kwa siku. Hiyo ni mitungi 250,000 ya lita 20. Kila siku. Na ukilinganisha na zile 160,000 za Ruai ni asilimia 3 tu, yaani hata Nairobi hawatajua kama kuna kitu kimechukuliwa.

Moto uko wapi? Uko kwa pampu. Ruai iko chini, Konza iko juu, kwa hivyo kutoka mabwawa utavuta bomba jipya fupi hadi Embakasi alafu usukume maji yapande mpaka Konza. Baada ya Konza ni mteremko, Sultan Hamud, Emali, maji yanashuka yenyewe kama mtoto kwa boda isiyo na breki, kazi yako ni kuweka valvu za kupunguza presha. Kijana akaniambia stima itakula kama uniti moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Sasa gawanya hiyo bei ya stima kwa mitungi 50, haifiki shilingi moja kwa mtungi. Najua kuna kusafisha, kuna mishahara, kuna mkopo wa kulipwa, kuna kula ya wakubwa (samahani Mhariri), lakini hata ukiongeza yote hayo bado uko mbali sana na shilingi 20 za punda. Na mafuta yalikuwa yanapandishwa kutoka baharini Changamwe mpaka juu Embakasi, mita 1,600 na kitu, na hakuna siku mtu alisema ni ghali sana magari yakae bila petroli.

Sasa nifike kwa ile sehemu nilisema msikate.

Watu wengi wakiongea habari ya maji yaliyosafishwa wanafikiria watafungua mfereji kijijini na kuweka kibao "haya si ya kunywa". Mimi nimeishi hapa, nawaambia hicho kibao ni cha kuni. Mahali hakuna maji ya kunywa, maji yoyote ni ya kunywa. Mtoto ametoka shule saa nane jua kali amepata mfereji, atasoma kibao? Windhoek kule Namibia wanakunywa maji yaliyotoka kwa mitaro ya mji tangu 1968, sawa, lakini wana mtambo wa hatua nyingi na maabara ya kupima kila saa, sisi bado hatujafika hapo na sitaki mtu atumie Windhoek kunidanganya. Kusafishwa kwa mabwawa ya Ruai peke yake hakutoshi hata kwa kumwagilia shamba kwa matone, manake maji yanatoka na mwani wa kijani ambao utaziba vile vitundu vyote vya mpira wa matone kwa wiki moja. Lazima kwanza pale Ruai kujengwe chujio la mchanga na dawa iwekwe, mayai ya minyoo yapungue yafike ile kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yai moja kwa lita ama chini.

Kwa hivyo mimi sitaki mfereji hata mmoja wa kijiji kwa hili bomba. Nataka kubadilishana.

Angalia vile mambo yalivyo. Maji matamu ya chemichemi za Nolturesh, kule Loitokitok chini ya Kilimanjaro, yanapita hapa kwetu kwa bomba kwenda Sultan Hamud, Kajiado, Machakos, mpaka Kitengela na Athi River. Maji ya kunywa ya mlima yanatoka mbali yote hiyo yakapoze mashine na kuchanganya zege. Njiani yanaibwa, yanavuja, yanakatwa na wenye mashamba, na wewe mwananchi wa Emali unayaona tu yakipita kama treni ya SGR, inapiga honi inaenda. Sasa hapo Athi River kuna viwanda vya simiti, vya chuma, kuna EPZ (eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje), na hilo bomba kuukuu la inchi 14 linapita upande huohuo wa Mombasa Road, ni karibu kabisa na Embakasi, hata kabla ya kupanda Konza. Wape viwanda maji ya Ruai. Kupozea mashine hakuhitaji maji ya Kilimanjaro. Kumwagilia zege na barabara za vumbi hakuhitaji. Alafu kila mita ya ujazo ambayo kiwanda kimeacha kuchukua kutoka Nolturesh ibaki huku chini kwa vioski vya maji vya Emali na Sultan Hamud, iandikwe kwa mkataba kabisa, mita ifungwe huku na mita ifungwe kule, zisomwe siku moja na zibandikwe kwa ofisi ya chifu.

Hiyo ndiyo maana yangu ya kuleta maji kwa jamii. Jamii inaletewa maji yaliyosafishwa bila kuyaonja, inakunywa yale ya Kilimanjaro ambayo zamani yalikuwa yanapita tu.

Yatakayobaki yapande Konza yashuke mpaka huku kwa mashamba, lakini kwa mahali pamefungwa. Vitalu vya miche. Miembe na michungwa, manake Makueni ni nchi ya maembe na tunda liko juu, maji yako chini kwa mizizi, haligusani na kitu. Ukiupa mwembe lita 50 kwa siku, zile mita 5,000 zingetosha miembe 100,000. Sukumawiki hapana, nyanya hapana, dania hapana kabisa, hayo mambo ya mboga za maji taka tuwaachie wale wa pembeni ya mitaro ya Nairobi ambao wanaziba manholi ili maji yafurike shambani, na msijifanye hamjui mboga zenu zinatoka wapi. Mabomba yote ya juu yapakwe zambarau vile nchi zingine wanafanya, fundi yeyote hata wa kuokotwa akiona zambarau ajue hapa sichomeki laini ya nyumba. Na usisahau bomba jipya la inchi 20 liko hapo kando likiwa na mafuta hai, kwa hivyo kazi ya kuchimba isipewe mpwa wa mtu.

Kuna wale rafiki zangu Waislamu hapa sokoni tulibishana nao kidogo, mmoja akasema maji yakishaingia najisi yamekwisha. Mwenzake, mzee wa msikiti, akamjibu vizuri sana, akamwambia maji yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi vimeondoka yamerudi kuwa maji, na akasema hata wanavyuoni wa Saudia walilikalia jambo hilo wakalitolea fatwa mwaka wa 1978. Nikamwambia mzee, huo ndio mwaka bomba lilianza kazi. Akacheka, akasema basi viliandikiwa vikutane. Kinyaa cha Wakamba wenzangu ndicho bado sijakipatia jibu, mmoja aliniambia afadhali silanga (bwawa la maji ya mvua) yenye vyura kuliko maji ya Nairobi hata yakisafishwa na malaika. Na huyo huteka maji Athi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kaunti ndizo zimepewa kazi ya kusambaza maji. Lakini bomba ni la serikali kuu, mabwawa ya Ruai ni ya Nairobi, viwanda viko Machakos, chemichemi ziko Kajiado na sisi wenye kiu tuko Makueni. Hapo ndipo naona hii kitu itafia, si kwa pigi wala plastiki wala pampu. Itafia kwa mikutano. Kila mtu atasema si yangu, ni ya yule. Nimeona paipu ya inchi mbili ikikaa mwaka mzima bila kufunguliwa sababu ofisi mbili zinabishana nani atalipa soketi ya shilingi 300, sasa fikiria hii.

Kwa hivyo sijaomba bomba leo. Naomba karatasi. Wenye bomba la zamani watoe ramani, kilomita kwa kilomita, kutoka Embakasi hadi Emali, waseme chuma kimebaki unene gani, wapi pamekatwa, wapi pameoza, ndani kuna nini. Walioko Ruai watoe vipimo vya maji yanayotoka, vya mwaka mzima, kiangazi na masika, si siku moja ya kupigwa picha na waziri. Viwanda vya Athi River viseme vinatumia maji kiasi gani na ni kiasi gani kati ya hayo lazima yawe matamu. Hivyo vitatu tu, vikichapishwa tutajua kama hii ni kazi ama ni ndoto ya fundi aliyekunywa chai nyingi, na kama chuma kimeoza chote basi tuambiwe, tukiuze kwa kilo tununue matangi.

Mkiichapisha barua naomba mnijulishe ni gazeti la siku gani, manake hapa Emali linafika karibu saa sita na nakala ni chache, na yule mama hasomi kwa simu, nitampelekea nikienda kumalizia gata.

Fundi wa mabomba,
Emali, Makueni